Kesi ya Uhamiaji Marekani: Mtambue Tapeli, Mripoti Mapema

Hotuba kwa mabaraza ya wananchi, iliyotayarishwa kwa ajili ya familia zilizo na jamaa wenye kesi katika mahakama za uhamiaji nchini Marekani.



Ni familia nyingi katika kaunti hii zilizo na mtoto, ndugu au shangazi anayeishi Marekani. Kati ya pesa zote ambazo Wakenya walio ng'ambo hutuma nyumbani, zinazotoka Marekani ndizo nyingi zaidi. Zinalipa karo, zinajenga nyumba, zinanunua dawa za wazee. Lakini kuna siku ambapo pesa hugeuza njia. Simu inaingia usiku: "Nimeitwa kortini ya uhamiaji, natafuta wakili." Basi familia inauza ng'ombe, inakopa katika chama, au inaweka hati ya shamba rehani. Tapeli naye huwa anaisubiri siku hiyo.

Mada ya leo ni jinsi ya kutambua ulaghai katika kesi za mahakama ya uhamiaji ya Marekani, na mahali pa kuuripoti. Kuna jambo moja ambalo kila mkazi aende nalo nyumbani. Tapeli wa kawaida huchukua pesa akatoweka, na hasara huishia hapo. Tapeli wa kesi ya uhamiaji huchukua pesa, kisha huiua kesi yenyewe, kwa sababu karatasi ya uongo humfuata mwenye jina, si aliyeiandika. Kwa hiyo kuripoti mapema si kutafuta adhabu ya mwizi tu. Mara nyingi ni sehemu ya kuiokoa kesi.

MAHAKAMA HIZI HUFANYAJE KAZI

Mahakama za uhamiaji za Marekani ziko chini ya Wizara ya Sheria ya nchi hiyo, katika ofisi inayojulikana kwa kifupi kama EOIR, iliyoundwa mwaka 1983. Maafisa wanaokamata watu na kufungua kesi za kuwarudisha makwao wako chini ya wizara nyingine, ya Usalama wa Ndani. Mbele ya jaji, wakili wa serikali husimama upande mmoja na mwenye kesi upande wa pili.

Kesi huanza kwa notisi ya kufika mahakamani. Kwenye notisi hiyo kuna nambari inayoanza kwa herufi A, na nambari hiyo ndiyo ufunguo wa faili yote. Kila mwenye kesi aijue, na aitunze kama anavyotunza nambari ya siri ya M-Pesa.

Mwenye kesi ana haki ya kuwa na wakili, lakini serikali ya Marekani haimlipii. Asiye na uwezo husimama peke yake, au hutafuta mtu wa bei nafuu. Pengo hilo ndilo shamba la matapeli.

Kwa kawaida wanaoruhusiwa kumwakilisha mtu kwa malipo au kama kazi yao ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wakili mwenye leseni halali ya jimbo lolote la Marekani. Wa pili ni mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, anayefanya kazi chini ya shirika lisilo la faida ambalo nalo limetambuliwa na wizara hiyo. Wakili wa Kenya, hata awe hodari namna gani, hawezi kusimama katika mahakama hizo kwa leseni ya Kenya peke yake.

Hapa kuna mtego unaowanasa Wakenya kwa urahisi. Nchini Kenya, notari ni wakili, kwa hiyo mtu akisikia neno hilo humheshimu. Marekani ni tofauti. Kule notari ni mtu wa kushuhudia sahihi tu, na wengi wao hawakusomea sheria. Hana ruhusa ya kutoa ushauri wa kesi wala kusimama mbele ya jaji. Wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini wamenaswa na neno hilohilo kwa miaka mingi, kwa kuwa kwao pia notari ni mwanasheria.

DALILI ZA TAPELI

Dalili ya kwanza: hataki kuulizwa leseni. Wakili wa kweli hutaja jimbo lililompa leseni na nambari yake bila kukasirika. Majimbo yana orodha za mawakili ambazo mtu yeyote anaweza kuzitazama kwenye intaneti. Orodha ya wawakilishi walioidhinishwa, na ya mawakili walioadhibiwa na mahakama za uhamiaji, ziko kwenye tovuti ya EOIR. Dakika kumi za kutafuta jina zinaweza kuokoa pesa za shamba zima.

Dalili ya pili: hataki jina lake lionekane. Wakili anayemwakilisha mtu mahakamani hujaza fomu EOIR-28 kumjulisha jaji kwamba yeye ndiye anayeishughulikia kesi. Hata fomu ya kuomba hifadhi ina sehemu ya aliyemsaidia mwombaji kuijaza, naye hutia sahihi. Anayesema, "Weka sahihi wewe tu, mimi nisionekane," anajua anachokificha. Hali ni hiyo kwa anayeleta fomu tupu na kuomba sahihi kwanza. Fomu isiyosomwa haitiwi sahihi. Kama Kiingereza kinamshinda mwenye kesi, asomewe kila ukurasa kwa lugha anayoielewa. Mahakamani nako, kazi ya mkalimani hugharamiwa na mahakama, wala si mzigo wa familia.

Dalili ya tatu: anauza ushindi. "Lipa, karatasi zitatoka kabla ya Krismasi." "Namjua jaji." "Nina mtu ndani." Hakuna wakili mwaminifu anayeahidi uamuzi ambao haujatolewa. Anaweza kueleza nguvu na udhaifu wa kesi, na akishamaliza kueleza, uamuzi ni wa jaji.

Dalili ya nne: anauza hadithi. Mtu anaeleza maisha yake, naye anajibiwa, "Hiyo haitoshi, tukutafutie nyingine." Huyo si wakili tena, ni mtunzi wa uongo, hata kama ana leseni ukutani. Mnamo Desemba 2012, waendesha mashtaka wa serikali kuu jijini New York waliwafungulia mashtaka watu 26, wakiwemo mawakili 6, kwa kubuni madai ya hifadhi kwa niaba ya wahamiaji kutoka Uchina. Hadithi ziliandikwa, na wateja walifundishwa namna ya kuzisimulia. Wengi wa wateja hao walishapata hifadhi na kudhani mambo yamekwisha. Lakini mwaka 2018 ikafahamika kwamba serikali ilikuwa ikipitia upya faili za watu zaidi ya 13,500 waliopata hifadhi kupitia ofisi hizo, wao wenyewe au kupitia jamaa zao. Miaka ilikuwa imepita, watoto walikuwa wamekua, na uongo wa mtu mwingine ukawarudia mlangoni.

Sheria ni kali hapo. Mwombaji wa hifadhi aliyeonywa, kisha akapatikana amebuni kwa makusudi jambo kubwa katika dai lake, hufungiwa milele manufaa karibu yote ya uhamiaji. Anayefunga ndoa ya kuigiza ili apate karatasi anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini ya hadi dola 250,000. Tapeli anayesema, "Kila mtu hufanya hivyo," hatakuwa ndani ya seli hiyo pamoja naye.

Dalili ya tano: "Usiende kortini, nitashughulikia." Maneno haya yamewaangamiza wengi. Mtu aliyepewa notisi asipofika siku ya kesi, jaji anaweza kuamuru arudishwe kwao bila yeye kuwepo, na kwa miaka 10 akakosa njia nyingi za kuomba kubaki. Mwenye kesi asikubali neno la mtu mwingine kuhusu tarehe. Aitafute mwenyewe kwa nambari yake ya A, kwenye mfumo wa EOIR wa kutazama kesi kwa intaneti au kwa simu ya Marekani 1-800-898-7180. Akihama nyumba, anatakiwa kuijulisha mahakama anwani mpya ndani ya siku 5 za kazi. Matapeli wengine huandika anwani yao wenyewe kwenye fomu, barua za mahakama zikawa zinaingia mikononi mwao, na mwenye kesi asijue kwamba aliitwa.

Dalili ya sita: namna ya malipo. Mahakama haipigi simu kudai pesa. Haitaki kadi za zawadi za dukani, wala haipokei M-Pesa kwa nambari ya mtu. Kuna ujumbe unaozunguka kwa familia: "Mwanao amekamatwa, tuma dhamana sasa hivi la sivyo anapandishwa ndege." Dhamana ya uhamiaji, ikiruhusiwa, haipungui dola 1,500, na hulipwa kwa idara ya uhamiaji yenyewe, kwa utaratibu wenye risiti. Kabla ya kutuma hata shilingi, mpigie jamaa mwingine aliye kule na umuulize maswali mawili: mtoto yuko kituo gani, na nambari yake ya A ni ipi. Tapeli huwa na haraka nyingi na majibu machache.

Dalili ya saba: tovuti na barua za kuigiza. Tovuti za serikali ya Marekani humalizika kwa .gov. Tai, bendera na muhuri vinaweza kuchapishwa na yeyote mwenye kompyuta.

UPANDE WA FAMILIA NYUMBANI

Kuna sehemu ya ulaghai huu ambayo haifanyiki Marekani. Inafanyika hapa, kwenye ofisi za machifu, vituo vya polisi na hospitali.

Simu huja hivi: "Mama, wakili anataka barua ya chifu inayosema nilitishwa." Au: "Kaka, nitafutie fomu ya P3 ya mwaka ule, na nambari ya OB." Au ombi la cheti cha kifo cha mtu aliye hai anakunywa chai sebuleni. Familia huona ni msaada mdogo kwa mtoto, na mtu wa mtaani huzichapa karatasi hizo kwa pesa kidogo.

Msaada huo una sumu. Serikali ya Marekani inaweza kupeleka hati ikakaguliwe katika nchi ilikotoka. Nambari ya OB huangaliwa kwenye kitabu cha kituo. Chifu huulizwa kama sahihi ni yake. Rejesta ya hospitali hufunguliwa. Karatasi moja ikipatikana ni ya kughushi, jaji ana sababu ya kutoamini zile tisa za kweli zilizo pamoja nayo. Mtu aliyekimbia hatari ya kweli anaweza kushindwa kwa sababu ya nyaraka asiyoihitaji.

Na hapa Kenya, kughushi hati ni kosa la jinai, na kula kiapo cha uongo ni kosa la jinai. Mama aliyeombwa "atie sahihi tu" anaweza kujikuta anahojiwa na polisi, huku aliyemtuma yupo New York au Nairobi akihesabu pesa.

Swali la kujiuliza ni jepesi: je, jambo hili lilitokea? Kama lilitokea, hati yake hutafutwa pale ilipo, kwa njia ya wazi, na barua ya chifu ieleze kile ambacho chifu anakijua. Kama halikutokea, jibu kwa mtoto ni hapana, pamoja na swali: huyo anayekuambia uniombe uongo huu ni nani? Mara nyingi familia iliyo hapa ndiyo ya kwanza kumwona tapeli, kwa sababu ndiyo inayoombwa pesa na ndiyo inayoombwa karatasi.

MAHALI PA KURIPOTI

Kabla ya kuripoti, kusanya ushahidi. Weka risiti, ujumbe wa M-Pesa na wa benki, meseji za WhatsApp, sauti zilizorekodiwa, kadi za biashara, matangazo ya Facebook au TikTok, na nakala za kila fomu. Andika tarehe, kiasi kilicholipwa na maneno yaliyosemwa. Usifute mazungumzo kwa hasira, na usimtahadharishe tapeli kabla ushahidi haujahifadhiwa. Hati za asili, kama pasipoti na cheti cha kuzaliwa, zisibaki mikononi mwake.

Kwa aliye Marekani, EOIR ina kitengo maalumu cha kuzuia ulaghai na unyanyasaji katika kesi za uhamiaji, kilichoanzishwa mwaka 2007. Hupokea taarifa kuhusu watu wanaojifanya mawakili, fomu za uongo na mawakili wanaovunja maadili, kisha huzifikisha kwa wachunguzi au kwa wenye mamlaka ya nidhamu. Anwani na simu zake ziko kwenye tovuti ya justice.gov/eoir. Zichukuliwe hapo, si kwenye tangazo la mtu. Taarifa ya utapeli wa pesa inaweza pia kupelekwa kwenye tovuti ya ReportFraud.ftc.gov, na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo analoishi. Malalamiko dhidi ya wakili mwenye leseni hupelekwa kwa chombo cha nidhamu cha jimbo lililompa leseni hiyo.

Kwa aliye hapa, kama pesa zilipokelewa Kenya au tapeli yuko Kenya, ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu na uondoke na nambari ya OB. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ina simu ya bila malipo, 0800 722 203. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Sheria ya Adhabu, na kifungo chake ni hadi miaka 3. Kama anajiita wakili wa Kenya, jina lake litafutwe kwenye orodha ya Chama cha Mawakili wa Kenya.

Jambo moja lisisahaulike: kuripoti hakusimamishi kesi. Tarehe ya mahakama inabaki palepale. Mwenye kesi aende siku hiyo hata kama hana wakili, amweleze jaji kilichompata, na aombe muda wa kutafuta mwingine. EOIR hutoa orodha ya mashirika na mawakili wanaosaidia bila malipo, na ni vizuri kuanzia hapo.

KAMA UONGO UMESHAINGIA KWENYE FAILI

Wapo watakaosikiliza maneno haya na kunyamaza, kwa sababu wanajua mtoto wao alishatia sahihi jambo ambalo si kweli. Kwao pia mlango haujafungwa, ila kila siku inayopita unazidi kuwa mwembamba. Hatua ya kwanza ni wakili mwaminifu au mwakilishi aliyeidhinishwa, kabla ya kusema lolote kwa afisa yeyote, maana namna ya kusahihisha ina uzito kama kusahihisha kwenyewe. Kwa kawaida, anayesahihisha kwa hiari kabla ya kugunduliwa hutazamwa tofauti na anayeng'ang'ania uongo hadi mwisho.

Kwa aliyeharibiwa kesi na wakili wake, ipo njia ya kuomba ifunguliwe tena. Katika uamuzi wa Lozada wa mwaka 1988, Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliweka masharti. Mlalamishi aeleze kwa kiapo alivyokubaliana na wakili huyo, amjulishe wakili madai hayo na kumpa nafasi ya kujibu, kisha aonyeshe kwamba amempeleka kwa wenye mamlaka ya nidhamu, au aeleze kwa nini hakufanya hivyo. Kwa maneno mengine, kuripoti kumo ndani ya dawa yenyewe. Na dawa hiyo ina muda: kwa kawaida ombi la kufungua kesi hutakiwa ndani ya siku 90 baada ya uamuzi wa mwisho. Aliyekosa kufika kortini kwa sababu nzito zisizo za kawaida ana siku 180. Ambaye hakupata notisi kabisa anaweza kuomba wakati wowote.

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Aibu ndiyo silaha kubwa ya tapeli wa uhamiaji. Anajua kwamba aliyetapeliwa ataogopa kuchekwa kijijini, na kwamba asiye na karatasi ataogopa kwenda polisi. Kwa hiyo hurudi kwa jirani wa pili, na wa tatu, akiwa na hadithi ileile.

Leo jioni, kila familia iliyo na jamaa mwenye kesi kule impigie simu na kumuuliza mambo manne. Nambari yako ya A unayo? Tarehe yako ya kortini umeiona mwenyewe? Jina la wakili wako limo kwenye orodha ya jimbo? Na kila kilichoandikwa kwenye fomu yako, umesomewa, na ni kweli? Akisita kwenye swali lolote kati ya hayo, kazi ianzie hapo, kabla pesa nyingine haijatumwa.